Anza na Chungu: Maneno kwa Mdadisi Mpya wa Utafiti wa Kaya

Umepita usaili, umekaa darasani, umekula kiapo cha kutunza siri. Sasa una kishikwambi, chaja ya akiba, mzani mdogo wa jikoni, kitambulisho shingoni na orodha ya kaya 12 katika eneo usilolijua. Kesho asubuhi utabisha hodi kwa mtu ambaye hajakuita. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka kadhaa, kwanza kama mdadisi, kisha kama msimamizi wa timu. Ninayokuandikia hapa ni yale ambayo mwongozo huyataja kwa mstari mmoja, halafu ukifika uwanjani yanakula siku nzima.

Kwanza ujue ukubwa wa mzigo uliobeba. Katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Tanzania Bara wa 2017-18, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilichagua maeneo 796 ya kuhesabia watu, na katika kila eneo ikachukua kaya 12. Hizo ni kaya 9,552. Bara wakati huo ilikuwa na kaya zaidi ya milioni 10, kwa hiyo kila kaya iliyohojiwa ilisimama kwa niaba ya kaya zaidi ya elfu moja ambazo hakuna aliyezibishia hodi. Ukiandika kwamba mzee hana mbuzi wakati anao wanne, hesabu ya taifa imepungukiwa na mbuzi zaidi ya elfu nne.

Utafiti ule ndio uliotoa asilimia 26.4, yaani watu walioishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Mstari wenyewe uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, kama shilingi 1,644 kwa siku. Utaona ulivyo mwembamba. Fungu la mchicha, mafuta ya kupima na robo ya sukari vikisahaulika kila siku, kaya iliyo juu ya mstari inaandikwa chini yake. Kaya haikubadilika kitu. Kilichobadilika ni uangalifu wa mtu aliyekaa kwenye benchi pale uani na kuuliza.

Nyumba uliyopewa ndiyo nyumba

Kabla ya mahojiano yoyote kuna kuorodhesha. Mtaingia kwa barua mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na mwenyekiti wa kitongoji atawatembeza kuonyesha mipaka. Tembea mpaka wote kwa miguu yako. Usikubali kuorodhesha kwa kuketi ofisini na kutajiwa majina, kwa sababu anayetaja atataja anaowafahamu. Atamsahau mpangaji wa chumba cha uani, mlinzi anayelala kwenye jengo ambalo halijaezekwa, kijana anayelala nyuma ya duka, bibi aliyehamia mwezi jana kwenye kibanda cha mwanawe. Hao mara nyingi ndio wenye hali ngumu, na kama hawamo kwenye orodha hawana hata nafasi ya kuangukiwa na bahati.

Orodha ikikamilika, uchaguzi unafanywa kwa hesabu. Tuseme eneo lina kaya 96 na mnahitaji 12. Gawanya, unapata 8. Inachaguliwa kwa bahati nasibu namba ya kuanzia kati ya 1 na 8, tuseme 5, halafu unaruka nane nane: 5, 13, 21, hadi 93. Hakuna mkono wa mtu hapo, na nguvu yote ya utafiti imo humo.

Mwenyekiti atakuomba ubadilishe. Atasema namba 37 ni mlevi, hawezi kujibu, nenda kwa mwalimu jirani ambaye anajua kusoma. Mkatalie kwa heshima. Mwalimu ana mshahara, ana sola, ana watoto walio shuleni. Ukimweka mahali pa yule mlevi umebadilisha kaya zaidi ya elfu moja kwa mpigo. Hivyo hivyo ukikuta nyumba imefungwa. Anayepatikana nyumbani saa tano asubuhi si sawa na aliyeondoka alfajiri kwenda kulima kibarua, na kama utawahoji wanaopatikana tu, utakuwa umetafiti watu wasio na kibarua.

Chungu, si paa

Swali linaloonekana jepesi kuliko yote ndilo linaloharibu tafiti nyingi: kaya ni nani? Kwa takwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, wanaoshirikiana matumizi. Nyumba moja ya kupanga kule Manzese inaweza kuwa na vyumba sita na kaya sita. Boma moja la Kimasai linaweza kuwa na wake watatu wa mzee mmoja, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake. Wanafunzi wanne waliopanga chumba kimoja wanaweza kuwa kaya moja wakichanga unga, au kaya nne kila mtu akijipikia.

Usiulize, "Mko wangapi hapa?" Mtu akisikia hivyo anakutajia familia, na familia kwetu haina mwisho. Atamtaja kijana aliyeko Mwanza miaka minne, atamtaja binti aliyeolewa, na atamwacha msichana wa kazi anayeosha vyombo mbele yako. Mimi huanza na chungu. "Mama, jana usiku chakula kilichopikwa hapa kililiwa na nani na nani?" Anataja, ninaandika. "Kuna anayekula hapa siku zote ila jana hakuwepo?" Hapo anajitokeza mume aliye mgodini na mtoto aliye bweni. "Kuna anayelala hapa lakini anakula kwingine?" Hapo anajitokeza mpwa. Halafu ninasoma orodha yote kwa sauti, nikimalizia na swali la watoto wachanga, kwa sababu mtoto ambaye hajapewa jina husahaulika hata na mama aliyempakata.

Baada ya hapo ndipo unaingiza kanuni ya mwongozo wako kuhusu miezi ya kutokuwepo, ili kuamua nani anabaki kwenye orodha na nani anatoka. Usichanganye na sensa. Katika Sensa ya 2022 aliyehesabiwa mahali ni yule aliyelala hapo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, awe mgeni au mwenyeji. Utafiti wa matumizi unataka wanakaya wa kawaida. Wadadisi waliotoka kwenye sensa hukosea hapa kwa mazoea, na nimewasahihisha wengi.

Umri una ugumu wake. Usipokuwa makini, kijiji kizima kitakuwa na miaka 30, 35, 40, 45 na 50, kwa maana mtu asiye na cheti huchagua namba iliyonyooka. Kaa na kalenda ya matukio. Mwulize mama kama alikuwa ameshaolewa Mwalimu Nyerere alipofariki mwaka 1999. Mwulize kama alikuwa ameanza shule wakati wa Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Kanda ya Ziwa kila mtu anakumbuka alikuwa wapi MV Bukoba ilipozama Mei 1996. Mzee mmoja aliniambia ana miaka 70, basi. Nilipomwuliza kuhusu kuhamishiwa kijijini mwaka 1974, akasema siku hiyo alibebwa mgongoni na mama yake. Hesabu ikashuka kwa zaidi ya miaka kumi, na mzee mwenyewe akafurahi.

Hapa kwenye chakula usiharakishe

Kwa kaya nyingi chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya matumizi, na ndicho kigumu kuliko vyote kukipima. Mtu hanunui gramu. Ananunua fungu, kopo, sado, debe, kipimo, mkungu, mtungo wa samaki, gunia lenye lumbesa. Sado ni lile kopo la rangi la lita nne. Sado tano ni debe. Lakini sado ya mahindi yaliyosawazishwa kwa kijiti si sawa na sado iliyojazwa kichuguu, na fungu la nyanya la shilingi 500 mwezi wa mavuno si lile la kiangazi.

Kwa hiyo mzani wako usikae mkobani. Siku ya kwanza ukifika eneo, nenda gulioni au gengeni kabla ya mahojiano. Nunua au omba kupima mafungu matatu ya dagaa kutoka kwa wauzaji watatu, mafungu matatu ya mchicha, kopo la maharage, kipimo cha mafuta ya kula. Andika uzito wa kila kimoja. Kisha unapoingia kwenye kaya na mama akasema "dagaa, fungu moja," una jambo la kushika. Kukiwa na fungu lingine jikoni, omba ulipime pale pale. Wengi hukubali kwa furaha, na watoto husogea kuangalia namba zikihangaika hadi zitulie.

Sasa nikueleze kosa langu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimhoji mama mmoja kijijini, mwenye watoto watano. Nikauliza wiki hiyo wamenunua nini. Chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, dagaa mara mbili. Nikaandika, nikashukuru, nikaondoka nikiwa nimeridhika kwamba nimeikuta kaya maskini kweli kweli. Jioni msimamizi wangu akanionyesha: kwa maandishi yako, watu sita hawa wameishi wiki nzima kwa chumvi na dagaa. Nilirudi kesho yake. Nyuma ya nyumba palikuwa na shamba la mihogo, na kichanja cha makopa yaliyoanikwa. Walikula ugali wa muhogo kila siku, na kisamvu, na mapapai, na maziwa aliyowapa shemeji. Mama hakunidanganya. Nilimwuliza kuhusu kununua, naye akanijibu kuhusu kununua.

Tangu siku hiyo kila chakula nakiuliza kwa njia tatu: kilichonunuliwa, kilichotoka shambani au bandani kwenu, na mlichopewa. Vyote ni matumizi. Debe la mahindi lililotoka ghalani lina thamani ileile ya debe la sokoni, na mtafiti atalipigia bei. Ukiliacha, unawafukarisha wakulima wote kwenye karatasi.

Njia rahisi ya kumkumbusha mtu ni kumtembeza kwenye mlo. Kwa swali la jumla, wiki hii mmekula nini, hupati kitu. Anza, "Asubuhi ya leo, chai ilikuwa na nini?" Sukari. Ilitoka wapi? Duka la jirani, robo. Kulikuwa na kitafunwa? Mihogo ya kuchemsha. Mchana je? Jioni? Halafu jana. Kumbukumbu ya jikoni hufuata chungu; haifuati orodha yako ya vyakula. Ukimaliza, ndipo urudi kwenye orodha na kusoma kila kitu kimoja kimoja, hata kile unachodhani hakiwezekani.

Na kile kinacholiwa nje ya nyumba! Baba amekula wali kwa mama ntilie, kijana amekunywa soda na chapati stendi, mtoto amepewa mia mbili ya karanga shuleni. Mama aliye nyumbani hajui hata kimoja. Mwulize kila mwanakaya mwenyewe, ukimkuta.

Hili la namna ya kuuliza si maoni yangu tu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walichukua kaya takribani 4,000 katika wilaya saba za Tanzania Bara na kuzigawa kwa kura kwenye namna nane za kuuliza matumizi. Nyingine ziliulizwa kwa orodha ndefu, nyingine fupi, nyingine zikumbuke siku 7, nyingine siku 14, nyingine zijaze shajara. Kaya zilikuwa za aina moja, maana kura haibagui, lakini majibu yalitofautiana sana. Walioandika shajara kila mtu yake, huku wakitembelewa mara kwa mara, walionekana kula zaidi ya walioulizwa wakumbuke mwezi wa kawaida. Ndiyo maana ukisoma kwamba umaskini umepanda au umeshuka kati ya tafiti mbili, angalia kwanza kama zimeuliza kwa njia moja. Bara yenyewe ilitumia shajara ya siku 28 mwaka 2011/12, kisha ikaipunguza kuwa siku 14 mwaka 2017-18, kwa kuwa watu huchoka kuandika.

Na kuchoka huko utakuona. Siku ya kwanza shajara imejaa mpaka pembeni: chumvi, kitunguu kimoja, nauli ya bodaboda. Siku ya tisa kuna mstari mmoja, "mboga." Dawa yake ni wewe kupita. Pita kila baada ya siku moja au mbili, saa ambayo vyombo vimeshaoshwa, keti, na mjaze pamoja. Kama hakuna anayejua kuandika, mtafute mtoto wa darasa la sita au la saba humo humo ndani na umpe kalamu. Nimeona watoto wakiifanya kazi hii kwa uaminifu kuwashinda watu wazima. Mmoja alikuwa anaandika hata embe alizookota njiani.

Utasikia pia wenzako wakilalamika kwamba utafiti unachukua mwaka mzima. Ule wa 2017-18 ulianza Desemba 2017 ukaisha Novemba 2018, na sababu iko ghalani. Ukienda Dodoma Februari, ghala linakaribia kuisha na watu wanasubiri shamba. Ukienda Julai, magunia yamepangwa. Na mwezi wa Ramadhani, pwani na Zanzibar, jiko hupika saa nyingine na vyakula vingine kabisa. Ukihoji nchi nzima ndani ya mwezi mmoja umepiga picha ya mwezi huo tu.

Yanayosemwa kwa sauti ndogo

Mwenyekiti akishakufikisha na kukutambulisha, mshukuru na umwombe aondoke. Hili ni gumu kwa mgeni, lakini usiliruke. Huyu ndiye anayesimamia michango ya kijiji, na watu wengi humhusisha na majina ya wanaopata fedha za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Akiwa amekaa kwenye kigoda pembeni, ng'ombe hupungua na shida huongezeka.

Hata akiondoka, mtu bado ana hesabu kichwani. Wapo wanaodhani umeleta msaada, wakaficha walichonacho. Wapo wanaodhani umetoka kwenye kodi, wakaficha pia. Wengine wanaona aibu, wakasema wamekula nyama. Sema ukweli mapema na kwa maneno mafupi: sikuleta msaada, sitoki kwenye kodi, jina lako halitatajwa, na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inanifunga. Usiahidi chochote ili kupata jibu. Mdadisi atakayekuja baada yako atakuta ahadi yako inamsubiri mlangoni.

Maswali ya mwili, ya watoto waliofariki, ya ugomvi wa ndani, yanataka faragha kamili. Mumewe akija, rudi kwenye maswali ya paa na maji mpaka aondoke. Ukimwuliza mama kama amewahi kujifungua mtoto aliye hai ambaye baadaye alifariki, punguza sauti, na akinyamaza, nawe nyamaza. Usimwokoe haraka kwa kuandika "hakuna." Niliwahi kungoja karibu dakika nzima, kuku wakidonoa miguuni petu, na jibu lililokuja lilikuwa watoto wawili.

Ujihadhari na "hapana" ya kuchoka. Dodoso limejengwa hivi: ukijibu "ndiyo" kuna maswali mengine kumi nyuma yake, ukijibu "hapana" unaruka. Mhojiwa hugundua hilo katika nusu saa. Mdadisi hugundua mapema zaidi, na hapo ndipo uaminifu wako unapopimwa. Ukiona "hapana" zinakuja kabla hujamaliza swali, funga kishikwambi, omba maji, zungumza habari za mvua, au panga kurudi jioni. Kwa mtu mwenye shughuli, mahojiano ya saa mbili ni heri yagawanywe mara mbili.

Lugha nayo. Swali limeandikwa Kiswahili cha ofisini, na bibi anajua Kisukuma. Msitafsiri kila mtu kivyake. Kaeni timu nzima usiku wa kwanza, mkubaliane maneno, myaandike. "Biashara" ikitafsiriwa na mmoja kama duka na mwingine kama kuuza chochote, mama anayeuza vitumbua asubuhi atakuwa na kazi kwa mdadisi mmoja na hana kazi kwa mwingine.

Kujaza dodoso chini ya mwembe bila kumwona mtu sitaki kulisemea sana. Kishikwambi huandika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, mahali ulipokuwa husomeka, na msimamizi hurudi kimya kimya kwenye kaya chache kuuliza upya. Asiyezuiwa na dhamiri atazuiwa na hayo.

Mwisho, ile nyumba ya ng'ambo ya mto. Kila eneo lina moja. Umekwenda mara mbili hukumkuta mtu, majirani wamesema huyo hana ratiba, gari la timu linaondoka kesho saa nne. Timu yako itakuambia uandike "hayupo" mwende zenu. Mwombe dereva asubiri, amka saa kumi na moja, chukua tochi, na umfikie kabla hajaweka jembe begani. Mpe shikamoo, mwombe nafasi ya kuketi, na uanze na chungu.